Shuka Kwanza Kwenye Ngazi, Okewa

Shuka kwanza kwenye hiyo ngazi, okewa, mtoto wa dada yangu. Jua limetoka, mkeo na watoto wamelala kwa jirani, na mwanamume akiona mabati yake yametapakaa kwenye mtama wa mtu mwingine, mikono humuwasha. Nayajua hayo yote. Lakini usitoe hata bati moja lililobaki huko juu kabla hatujazungumza. Nimetembea asubuhi hii kwa magoti haya unayoyajua kwa sababu jambo hili nimeliona mara nyingi, na karibu kila mara mimi hufika misumari ikiwa imeshaanza kugongwa. Leo nimewahi. Keti hapa kwenye tofali.

Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu ilikuwa ukarani katika chama cha akiba na mikopo. Nimewaandikia watu barua za madai ya bima kutoka Ndhiwa hadi Muhuru: aliyeunguliwa na duka, aliyeangukiwa na mti, aliyeezuliwa nyumba kama wewe. Kilichonichosha si kuandika. Nimechoka kuuona uso wa mtu ambaye upepo ulimchukulia paa kwa nusu saa, kisha yeye mwenyewe, kwa haraka, akatupa nusu ya fidia yake ndani ya wiki moja. Hasara ya kwanza hakuna awezaye kuizuia. Hiyo ya pili ndiyo iliyonitoa kitandani.

Nami nimewahi kuwa mtu huyo. Mvua za El Niño, mwisho wa 1997, zilinikuta na nyumba ya matofali ambayo sijamaliza hata kuipiga plasta. Upepo uliondoa upande mzima wa paa. Siku ya nne alikuja mtu wa bima na karatasi moja, akasema nikitia saini hundi itatoka wiki hiyo hiyo. Watoto walikuwa wakilala chini ya turubai, mkaza mjomba wako ana homa. Nilitia saini bila kusoma mstari wa tatu. Mstari wa tatu ulisema nimekubali malipo kamili na ya mwisho, na kwamba sitadai tena chochote kutokana na tukio hilo. Wiki mbili baadaye ukuta wa jikoni, ambao ulikuwa umekunywa maji siku zote hizo, ukapasuka kutoka kwenye linta hadi chini. Nilirudi ofisini kwao. Yule bwana hakunikaripia. Alifungua faili akanionyesha saini yangu, nami nikaitambua.

Ukuta ule niliujenga upya kwa mkopo, na mkopo ule niliulipa miaka mitatu. Basi nisikilize.

Chukua simu yako. Anzia mbali, kule kwenye lango la boma, upige picha nyumba nzima, kisha uizunguke pembe zote nne. Nenda shambani kwa jirani upige kila bati pale pale lilipoangukia, mtoto asimame kando ili umbali na ukubwa uonekane. Piga msumari uliong'oka ukiwa bado umeshika kipande cha ubao. Piga alama ya maji ukutani, dari iliyovimba, godoro, redio, madaftari ya watoto. Usipange vitu vionekane vibaya zaidi ya vilivyo, wala usivisafishe kwa aibu ya wageni. Ukimaliza, mtumie ndugu yako picha hizo leo hii, maana simu nayo hupotea.

Wanunuzi wa vyuma chakavu watapita hapa kabla ya saa sita. Habari za dhoruba huwafikia wao mapema kuliko chifu. Usiwauzie. Mabati yaliyopinda ni ushahidi wako, na kampuni ikishayalipia huweza kusema mabaki ni yake, au ikakata thamani yake kwenye fidia. Yakusanye chini ya ule mti wa siala, uyahesabu, uandike idadi.

Baada ya picha, turubai. Usidhani bima inakutaka ukae ukitazama mvua ikiingia. Hati karibu zote humlazimu mwenye mali azuie hasara isizidi, na ukiacha sakafu ya simenti ikae na maji wiki mbili ukimsubiri mkadiriaji hasara wa kampuni, atakuuliza kwa nini. Nunua turubai, nunua kamba, lipa kijana wa kulifunga, na uweke risiti. Gharama ya kuzuia hasara huingia kwenye dai. Hapo ndipo ngazi yako ina kazi: kufunika tu. Paa jipya haliko kwenye mambo ya leo wala ya wiki hii.

Sasa shika neno hili moja kwa uangalifu, kwa sababu pesa nyingi hupotelea hapo. Watakuuliza nyumba iliharibiwa na nini. Wewe jana usiku ulimwambia kila mtu kwenye simu kwamba ni "mafuriko". Okewa, mto Kuja haukufurika jana. Upepo ulikuja saa moja jioni kutoka upande wa milima ya Kisii, kama dhoruba zetu nyingi za jioni, ukang'oa paa upande wa veranda. Ndipo mvua ikaingia kupitia mahali palipong'oka. Mfuatano huo ndio dai lako. Hati ya kawaida huanza na moto na radi. Dhoruba na mafuriko huongezwa, kila jambo na masharti yake, na wapo waliolipia moja bila lingine. Ukiandika "mafuriko" kwa mazoea ya mdomo, unaweza kujifungia mlango kwa mkono wako.

Mto Kuja unatoka huko juu kwa Wakisii, unaungana na mto Migori, na kumwaga ziwani hapa kwetu Nyatike. Maji yake yanaweza kutufikia hata siku ambayo kwetu hapajanyesha. Mwaka 2020 ziwa lenyewe, Nam Lolwe, ndilo Viktoria, lilipanda hadi nyumba za ufuoni zikasimama majini wiki nyingi bila upepo wowote. Masika ya 2024, mvua zile zilizoua karibu watu 300 nchini na kuifagia Mai Mahiu usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, zilihamisha watu kando ya mito hadi huku. Kwa mwenye nyumba, yote ni maji na machozi. Kwa kampuni ya bima hayo ni mambo matatu: upepo ulioezua, mto uliofurika, ziwa lililopanda polepole. Hata wakubwa wameteswa na swali hili. Kimbunga Katrina kilipopiga kusini mwa Marekani mwezi Agosti 2005, watu wengi wa pwani ya Mississippi walibaki na sakafu tupu, na kesi zikaendelea kwa miaka kwa sababu bima zao zililipa upepo na kukataa mafuriko. Sakafu tupu haisemi ilibomolewa na kipi. Nyumba yako bado inasema. Kuta zimesimama, hakuna tope sakafuni, mabati yako mita sitini upande wa magharibi. Piga picha hayo nayo.

Idara ya Hali ya Hewa hutoa barua ya kueleza hali ya siku fulani, na kampuni nyingi huitaka. Iombe. Lakini kituo chao cha kupimia kinaweza kuwa mbali na hapa, na dhoruba za kwetu huweza kuezua boma moja na kuacha la pili. Kwa hiyo piga picha mti ulioanguka barabarani, na paa la yule jirani wa pili. Mwone chifu akuandikie barua, upite kituo cha polisi tukio liingizwe kwenye kitabu chao na wakupe namba yake. Hizi ni safari za kuchosha. Zifanye kesho, kabla watu hawajasahau ilikuwa siku gani.

Hati yako ya bima iko wapi? Sisemi risiti ya ada. Hati yenyewe.

Nilijua utasema iko benki. Nyumba hii uliijenga kwa dhahabu, na sina neno baya juu ya dhahabu ya machimbo ya Osiri. Imesomesha watoto wengi. Mgodi wa Macalder ulipofungwa mwaka 1966 wengi walidhani habari ya Nyatike imekwisha, na bado vijana wetu wanashuka mashimoni kila asubuhi. Lakini pesa ya shimo huja jioni, mkononi, gramu kwa gramu, na huondoka vivyo hivyo: mabati kumi leo, simenti mifuko sita wiki ijayo, fundi analipwa kwenye kibanda cha chai. Ukaja kuchukua mkopo wa ile mashine ya kusaga mawe, benki ikashika hati ya shamba na kukutaka uikatie nyumba bima. Nawe ukaikatia bima ya kiasi gani? Kiasi cha mkopo. Hapo ndipo ninapoumia, kwa maana hukuniuliza.

Nitakueleza kwa tarakimu. Tuseme kuijenga nyumba hii upya kutagharimu shilingi 3,000,000, na wewe umeikatia bima ya 1,500,000 kwa sababu ndicho kiasi ulichokopa. Tuseme hasara ya jana ni 600,000. Utadhani, kwa kuwa 600,000 ni chini ya 1,500,000, utalipwa zote. Hapana. Kampuni itasema umeweka bima nusu ya nyumba, basi wewe ndiye uliyejibebea nusu ya pili, na itakulipa 300,000. Kisha itatoa ile sehemu ambayo hati inasema mwenye mali hujilipia mwenyewe kila panapotokea hasara, ile watu huiita eksesi. Kisha huenda ikakata uchakavu, kwa kuwa mabati yalikuwa na miaka saba. Watu huondoka hapo wakilia wizi. Mara nyingi si wizi. Ni karatasi ambayo haikusomwa siku ya kuisaini. Ndiyo maana nataka uisome mara utakapoipata, ujue pa kubishana na pa kunyamaza. Pa kubishana papo: je, thamani waliyoiweka kwa nyumba yako ni sawa? Je, uchakavu wanaokata umeandikwa kwenye hati, au ni desturi ya mdomo? Wakisema nyumba ingegharimu 4,000,000 ili waongeze pengo, waombe hesabu yao kwa maandishi.

Nenda benki kesho, uombe nakala ya hati nzima pamoja na viambatisho vyake. Ni haki yako. Ada ilitoka mfukoni mwako. Utakuta jina la benki limeandikwa humo kama mwenye haki ya kulipwa kwanza. Maana yake hundi inaweza kwenda kupunguza mkopo huku nyumba ikibaki wazi. Zungumza na meneja mapema, umwombe kwa barua benki iachie fedha hizo zitumike kujenga. Nyumba iliyoezuliwa si dhamana nzuri hata kwake. Wengi hukubali wakiombwa kabla. Wakiisha kuzipokea huwa vigumu.

Na ile mashine ya kusaga mawe, uliiweka nyuma ya nyumba? Kampuni ya bima ilijua? Usinijibu mimi. Lakini bima husimama juu ya ukweli wa mwenye kuiomba, na ukiulizwa na mkadiriaji, mwambie ilivyo. Upepo haukutoka kwenye mashine, na ukweli ulioutaja mwenyewe hauumi kama ule watakaoufukua wao.

Mkadiriaji hasara atakuja. Mpe kiti, mpe maji, kisha utembee naye hatua kwa hatua. Wengi wao ni watu wa haki, lakini kumbuka ameajiriwa na kampuni, na ripoti yake inaenda huko. Asikague peke yake wewe ukiwa umekwenda sokoni. Mwonyeshe nyufa, mwonyeshe ukuta uliolowa, mwambie aandike kwamba huenda ukaonyesha madhara baadaye ukikauka. Hiyo sentensi ndiyo ningeitaka mimi mwaka ule wa 1997. Akikuuliza jambo usilolijua, sema hujui. Usikisie bei, usikisie umri wa mbao. Na usiongeze. Nakusihi sana hapa, kwa sababu jana nilisikia binamu yako akikushauri utaje televisheni ambayo hukuwa nayo. Uongo mmoja wa televisheni unaweza kuliangusha dai zima, na paa la kweli likaenda nao.

Atakuomba risiti. Hili ndilo tatizo la nyumba zetu za dhahabu. Lakini kukosa risiti si mwisho. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapo Macalder ana daftari. Mwombe akuandikie ulichonunua na lini. Taarifa ya M-Pesa ya miaka ile unaweza kuiomba kwa Safaricom. Kuna picha mlizopiga siku ya kuhamia, na ukiangalia nyuma ya wale wageni waliosimama utaona paa, madirisha na dari. Fundi aliyeijenga yuko hai. Na nyumba yenyewe inapimika: tafuta mkadiriaji majengo aliyesajiliwa, hata ikibidi atoke Migori au Homa Bay, apime na kukuandikia orodha ya vifaa, idadi na bei za leo. Utamlipa, ndiyo. Lakini utakapokaa mezani na kampuni, kutakuwa na karatasi mbili badala ya moja.

Watakuja pia wengine, wanaosema watakufuatilia dai kwa asilimia thelathini. Washukuru, wanywe chai, waende.

Baada ya hapo ni kungoja, na kungoja ndiko kunakovunja watu. Sheria ya Bima ya Kenya, Sura ya 487, inaipa kampuni siku 90 tangu kuarifiwa kulilipa dai lililothibitishwa. Kwa hiyo tarehe ya barua yako ina thamani. Usimtegemee ajenti kwa simu. Simu haina mhuri. Andika barua, peleka nakala mbili, moja wapigie mhuri na tarehe ubaki nayo. Kila unapozungumza nao, andika kwenye daftari: siku, saa, jina, alichosema. Ikifika wakati wakakaa kimya au wakakataa bila sababu ya maandishi, Mamlaka ya Udhibiti wa Bima hupokea malalamiko bila malipo, na hutaka kuona hizo karatasi. Nimeona madai yaliyolala miezi yakiamka kwa barua moja yenye viambatisho. Nimeona pia mengine ambayo hayakuamka, nami sitakudanganya.

Siku watakayokupa kiasi, utaletewa ile karatasi. Ni ile ile niliyoisaini mimi. Soma mstari kwa mstari, ikiwezekana mbele ya mkeo, kwa maana yeye hana haraka ya kiume. Kama kuna sehemu mmekubaliana na nyingine mnabishana, omba walipe ile mliyokubaliana kama malipo ya sehemu, na karatasi iseme hivyo. Wakikataa, waambie utawajibu baada ya siku saba. Kalamu ikae mfukoni siku hizo saba. Hakuna kampuni itakayofilisika katika siku saba kwa ajili ya paa lako. Na kwa kuwa nimetaja kufilisika: kampuni ya bima ya Resolution iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2022, Xplico mwaka 2023, Invesco mwaka 2024, na wateja wao walibaki na hati mikononi. Ukikata bima upya, uliza afya ya kampuni kabla ya kuuliza bei ya ada, ulipe ada yote, maana bila ada bima haianzi.

Sasa tuje kwa mafundi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu bima hukunyima mara moja lakini fundi mbaya hukunyima kila masika.

Yule kijana mwenye pikipiki aliyekuwa hapa nilipofika, anataka shilingi ngapi? Elfu themanini za kuanzia, na anasema mabati yatapanda bei wiki ijayo. Wao huwa na neno hilo kila baada ya dhoruba. Siku zote baada ya upepo huja watu tusiowajua, wana ngazi na maneno matamu. Wanachukua cha kuanzia kwenye nyumba tano, wanafanya kazi kwenye mbili, na wiki ya tatu simu zao hazipatikani. Usimpe mtu yeyote pesa ya vifaa. Nunua vifaa mwenyewe, dukani, kwa risiti yenye jina lako. Hizo risiti ndizo dai lako la kesho. Fundi umlipe ufundi wake tu, kwa hatua: mbao zikishasimama, mabati yakishapigwa, mifereji ikishafungwa. Lipa kwa simu ili jina na tarehe vibaki. Sehemu moja ya kumi ya ufundi ishikilie hadi mvua kubwa mbili zipite juu ya paa hilo. Fundi mwenye uhakika na misumari yake hatakasirika.

Muulize kadi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Sheria iliyoiunda mamlaka hiyo ni ya 2011, na huwasajili wakandarasi na pia mafundi stadi. Lakini kadi peke yake haitoshi. Muulize nyumba tatu alizoezeka kabla ya 2020, twende tukazitazame. Maelewano yaandikwe, hata kwenye ukurasa wa daftari la shule: kazi gani, vifaa vya aina gani, siku ngapi, malipo yapi lini, na mzee wa kijiji atie saini kama shahidi. Mkikosana, na kama mzozo hauzidi shilingi 1,000,000, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, ambayo inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60 na haikulazimishi kuwa na wakili. Ukurasa ule wa daftari ndio utakaozungumza huko.

Twende tutazame kwa nini paa lako liliondoka, nawe ulidhani ni nguvu za upepo tu. Njoo hapa. Unauona ule ubao unaolala juu ya ukuta? Haukufungwa na kitu. Umelazwa tu, na trasi zikapigiliwa juu yake. Upepo ukiingia chini ya veranda hulisukuma paa kwenda juu huku ukilivuta kutoka upande wa pili, na uzito wa mabati si kitu kwake. Upande ule wa paa lako haukuvunjika. Ulinyanyuliwa ukiwa mzima, kama kifuniko cha sufuria. Tazama mbao zake kule shambani, bado zimeshikana. Paa linatakiwa lifungwe kwenye ukuta kwa ukanda wa chuma ulioingizwa ndani ya ujenzi, kozi kadhaa chini, ukapanda na kuuzunguka ubao ule na trasi. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, kama hii, boliti za chuma zitatiwa kwenye matundu yatakayotobolewa katika ule mkanda wa zege juu ya kuta. Bei yake ukilinganisha na paa lote ni ndogo, nayo ndiyo fundi wa haraka huiacha, kwa kuwa ikishafunikwa haionekani.

Bati nalo, kadiri namba ya geji inavyopanda ndivyo linavyokuwa jembamba. Geji 32 ni nyembamba kuliko 30, na 30 ni nyembamba kuliko 28. Ulipigiwa 32, naiona ilivyochanika kwenye matundu ya misumari. Ukinunua, tafuta alama ya Shirika la Viwango, ulishike bati kwa mkono wako, ulipinde pembeni. Kwenye kingo za paa na kwenye veranda misumari iwe karibu karibu, kwa sababu upepo huanza kufungulia hapo. Na veranda ndefu isiyo na nguzo imara, okewa, ni mdomo wazi kwa upepo wa jioni. Najua mkeo anaipenda. Ifupishe, au uifunge kwa nguzo zilizoingia ardhini.

Kampuni inaweza kusema italipa paa kama lilivyokuwa, na hizo boliti ni nyongeza yako. Watakuwa sahihi. Zilipe mwenyewe, uza mbuzi mmoja.

Mkaza mjomba wako anasema watoto waje kulala kwetu hadi mwisho wa mwezi. Usibishe naye. Chumba cha mbele hakina mtu tangu shangazi yako arudi kwake, na shule haiko mbali kutoka kwangu. Mkeo atapumua, nawe hutasukumwa na kilio cha usiku kumpa yule wa pikipiki elfu themanini zake.

Nimekuja na karatasi na kalamu mbili, moja huwa inakataa. Geuza ngazi uilaze chini, itakuwa meza. Andika juu kulia tarehe ya leo. Chini yake jina la kampuni, kama lilivyo kwenye risiti ya ada, herufi kwa herufi. Kisha namba ya hati. Sasa andika ninavyokutamkia, nawe unisahihishe nikikosea: "Jana, yapata saa moja jioni, upepo mkali ulikuja kutoka upande wa mashariki, ukang'oa paa la nyumba yangu upande wa veranda. Baada ya paa kung'oka, mvua iliingia..."